"Mimi goigoi, siwezi": mtoto hupata wapi picha yake mwenyewe, na mzazi aanzie wapi kuibadilisha

SWALI: Mwanangu wa kiume ana miaka 7, yuko darasa la pili. Tangu mdogo tumezoea kumwita Goigoi kwa sababu hufanya kila kitu taratibu: kula, kuvaa, kuandika. Dada yake wa darasa la tano ni mwepesi na huwa tunamwambia amuige. Siku hizi nikimpa kazi ananijibu, "Mimi goigoi, siwezi," anaacha na kuondoka. Baba yake anasema mtoto huzaliwa na tabia yake, maneno hayambadilishi. Bibi yake anasema ni utani tu, atakua. Nani yuko sahihi, na mimi nifanye nini? (Mama, Morogoro)

JIBU: Mama, nianze na baba yake, maana hoja yake si ya kupuuza. Watoto huzaliwa na hulka tofauti. Madaktari wawili wa New York, Alexander Thomas na Stella Chess, walianza mwaka 1956 kufuatilia watoto zaidi ya 130 tangu uchangani, wakaona tofauti hizo mapema sana. Wapo wachangamfu wa mwili na wapo watulivu. Wapo wanaopokea chakula kipya, mgeni au mahali papya mara moja, na wapo wanaohitaji muda, na muda huo haupunguzwi kwa kelele. Kwa hiyo mwendo wa mwanao huenda kweli amekuja nao. Lakini hao hao Thomas na Chess walisisitiza kwamba shida huanza pale hulka ya mtoto inapogongana na kile ambacho nyumba au shule inamdai. Kwenda polepole ni hulka. "Siwezi" ni uamuzi juu yake mwenyewe, na hakuna mtoto anayezaliwa na uamuzi wa namna hiyo. Ameufikia kwa kuishi na watu.

Kazi hiyo ya kujijengea picha yake mwenyewe huanza mapema kuliko wengi wetu tunavyodhani. Katika miaka ya 1970 mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Tronick, alibuni jaribio ambalo hadi leo linarudiwa. Mama anacheza na mwanawe wa miezi michache kama kawaida, kisha anaambiwa akaze uso kwa dakika mbili hivi, asitabasamu wala kuitikia. Mtoto kwanza humtabasamia. Akikosa jibu hupiga sauti, hurusha mikono, hujisogeza mbele. Mwisho hugeuza uso pembeni, na wengi hulia. Mtoto huyo hajui hata jina lake, lakini tayari anajua kwamba akifanya jambo, mtu huitikia. Hicho ndicho kipande cha kwanza cha "mimi". Kati ya miezi 9 na 12 anaanza kukuonyesha vitu kwa kidole, na akishaonyesha anakutazama usoni kuhakikisha nawe umeona. Sasa ameshajua kwamba wewe una macho yako, na kwamba macho hayo yanaweza kumgeukia yeye. Akikaribia miaka miwili utasikia "yangu!" kila dakika, na baada ya hapo huja aibu na fahari, hisia mbili ambazo haziwezekani bila mtu mwingine kukutazama, au bila wewe kufikiri kwamba anakutazama.

Hapa nitoe tahadhari moja kwa wazazi wanaopenda kuwapima watoto kwa vipimo vya mitandaoni. Watafiti hupima kujitambua kwa kumbandika mtoto alama usoni bila yeye kujua, kisha wanamweka mbele ya kioo. Akiigusa alama kwenye uso wake badala ya kugusa kioo, wanasema amejitambua, na watoto wengi wa Ulaya na Marekani hufanya hivyo kati ya miezi 18 na 24. Jaribio hilo lilipofanywa Kenya, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, watoto wawili tu kati ya 82 waliigusa alama, na baadhi yao walikuwa wanakaribia miaka 6. Wengi walisimama tuli wakijitazama. Watafiti hawakusema kwamba watoto wale hawakujijua. Waliona kwamba huenda walijua fika kuwa ni wao, ila hawakujua wanatarajiwa kufanya nini mbele ya wakubwa. Mtoto aliyefundishwa heshima husubiri kwanza. Kwa hiyo ukimwona mwanao amesimama tu, usikimbilie kusema hajui.

Turudi kwenye "siwezi". Mwaka 1902 Charles Horton Cooley, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Michigan, aliwafananisha watu wanaotuzunguka na kioo, akaeleza hatua tatu. Kwanza ninawazia jinsi ninavyoonekana kwako. Pili ninawazia hukumu yako juu ya hicho unachokiona. Tatu ninapata hisia juu yangu mwenyewe, iwe fahari au fedheha. Tazama vizuri hatua mbili za mwanzo: zote ni za kuwazia. Mtoto hasomi moyo wako, anaukisia. Mwaka 1979 watafiti wawili, Shrauger na Schoeneman, walikusanya tafiti nyingi za suala hili wakakuta kwamba jinsi watu wanavyojiona inalingana sana na jinsi wanavyodhani wengine wanawaona, kuliko jinsi wengine wanavyowaona hasa. Kwangu mimi hilo ndilo jambo zito kuliko yote katika jibu hili. Unaweza kumpenda mwanao na kumwamini kabisa, naye akaishi na imani kwamba umeshamkatia tamaa, kwa sababu ushahidi anaouona kila siku unasema hivyo.

Kwa hiyo kabla hujabadilisha chochote, jua kwanza anakisia nini. Usimkalishe kitako kumhoji, maana mtoto wa miaka 7 akiulizwa ana kwa ana atakupa jibu analodhani unalitaka. Mkiwa mnachambua mchele au mnaanua nguo, mikono ikiwa na kazi na macho hayakutani, muulize: "Ukiwa unaandika polepole, unadhani mama huwa anawaza nini?" Kisha nyamaza. Hesabu kimoyomoyo hadi kumi kabla ya kuongeza neno. Akisema, "Unawaza mimi mjinga," usimkatize kwa "hapana, jamani, nani kasema!" Hapo utakuwa umefunga mlango. Mwulize ni lini aliona hivyo, alikuona ukifanya nini. Atakutajia vitu vidogo vya kushangaza: ulivyovuta pumzi, ulivyomtazama dada yake, ulivyomnyang'anya kalamu. Hivyo ndivyo vya kufanyia kazi.

Katika nyumba zetu kuna ushahidi mmoja ambao watoto huusoma kuliko maneno yote, nao ni kutumwa. Robert Serpell, mtafiti aliyefanya kazi miaka mingi mashariki mwa Zambia kwa Wachewa, aliwauliza wazee wa vijiji wangemchagua mtoto gani kwa kazi fulani zenye uzito, na kwa nini. Majibu yao yalionyesha kwamba kwao akili haiachani na kuaminika: mwenye akili ni yule unayeweza kumtuma. Sidhani kama Morogoro ni tofauti. Mtoto akiona dada yake ndiye anayepewa noti aende dukani, ndiye anayetumwa kwa jirani na ujumbe, ndiye anayeachiwa kumwangalia mtoto mdogo, na yeye anaambiwa "wewe kaa, utachelewesha", hahitaji jina la Goigoi kulielewa somo. Ameshaelezwa. Ukiacha jina na kuendelea kumtuma dada peke yake, hujabadilisha kitu.

Jambo jingine la namna hiyo ni kumalizia kazi yake. Chukua asubuhi ya shule. Shati lina vifungo sita. Amefika cha nne, gari linakaribia, unamsogeza mikono na kufunga viwili vilivyobaki kwa sekunde tatu. Kwako umeokoa muda. Kwake umetoa tamko: mikono yako haifikishi mwisho. Yakirudiwa hayo kwenye viatu, kwenye kijiko, kwenye daftari, ndipo "siwezi" inapozaliwa. Dawa yake haina ufundi mkubwa: mwamshe dakika 15 mapema, na kama kweli hamna muda, mfungie vifungo vya mwanzo wewe, vya mwisho amalizie yeye. Anayefunga cha mwisho ndiye anayejiona amemaliza.

Umri wake nao unachangia. Mtoto wa miaka 4 anajieleza kwa vitu: nina baiskeli, ninajua kuruka. Kati ya miaka 5 na 7 huanza kujieleza kwa sifa, lakini sifa zake ni za yote au hakuna: ama mimi hodari, ama mimi mjinga, bado hawezi kushika kwamba mtu anaweza kuwa mzito wa kuandika na mahiri wa hesabu. Kuanzia miaka 7 au 8, kulinganishwa na wenzake kunaanza kumchoma kwelikweli, na bahati mbaya ni wakati huo huo shule inapomletea karatasi iliyoandikwa "wa 41 kati ya 58". Kabla ya hapo alikuwa akimsikia dada yake akisifiwa bila kujali sana. Sasa anapiga hesabu. Ndiyo maana jina mlilomwita miaka mingi bila shida limeanza kuuma mwaka huu.

Mitaani nako kuna la kuangalia. George Herbert Mead, aliyefundisha Chicago hadi alipofariki mwaka 1931, alisema mtoto hujijenga kwa kuchukua nafasi za wengine, na alitofautisha michezo ya aina mbili. Kwanza kuna ule wa kuigiza mtu mmojammoja, kama mchezo wa baba na mama: sasa mimi ni mama, ninakusema, sasa mimi ni mwalimu, ninakuita mbele. Mwenye miaka 3 hadi 5 huishi humo, na ukisikiliza anavyomsema mwanasesere wake utasikia jinsi anavyodhani wewe unamsema yeye. Baadaye huja michezo yenye kanuni. Fikiria rede. Wawili wanarushiana mpira kutoka ncha mbili, aliye katikati anakwepa huku akijaza mchanga kwenye chupa. Haitoshi ajue anachotaka yeye. Lazima awe na picha ya anachokusudia huyu mrushaji, yule wa nyuma yake, na wenzake wanaosubiri zamu nje, na kanuni inayowafunga wote. Mtoto anayeweza hivyo ameanza kujitazama kwa macho ya kundi zima, sio ya mama peke yake. Ndiyo mwanzo wa kile tunachokiita "watu watasemaje".

Chunguza basi: mwanao anacheza nini, na nani, na nafasi gani? Mtoto anayeachwa nje ya rede kwa sababu ni mzito anaweza kuwa bingwa wa kombolela, kwa sababu kombolela inamtaka mtu atulie mafichoni mpaka mwenye zamu aliache kopo, ndipo aje alipige na kuwakomboa wenzake. Akiwa na hata sehemu moja ambapo mwendo wake ni faida, ana ushahidi wa kupinga ule wa nyumbani. Kama hana hata moja, mtafutie: kufuga kuku, kushona, kuchora, bao. Tafuta kazi ambayo mwenye haraka huiharibu. Na kama kuna mtoto mdogo wa ndugu au jirani, wa miaka 4 hivi, mwachie amfundishe jambo moja. Kumfundisha mwingine kunamlazimisha kukaa kwenye nafasi ya anayejua.

Sasa bibi. Utani wa babu na bibi kwa wajukuu ni mali yetu, na sitaki uondoke nyumbani kwako. Bibi anayemwita mjukuu "mume wangu" na kumdai mahari anamfundisha kwamba maneno yana tabaka, kwamba mtu anaweza kukuchokoza kwa sababu anakupenda. Lakini utani una sharti: pande zote mbili zina haki ya kutania. Mjukuu anamjibu bibi, "Nenda, mke gani hana meno!" na wote wanacheka. Je, mwanao akiitwa Goigoi ana ruhusa ya kujibu? Baba au shangazi akimwita hivyo mbele ya wageni, naye akijibu, si ataambiwa hana adabu? Mahali ambapo mmoja anasema na mwingine lazima anyamaze, huo si utani, ni masimango, hata kama kila mtu anacheka. Tena watoto wengi kabla ya miaka 6 hadi 8 hawajaimudu kejeli vizuri, wanayachukua maneno kama yalivyo. Mead alishikilia kwamba ndani ya mtu kuna upande unaopokea hukumu za wengine na upande unaozijibu, na nafsi ni mazungumzo ya pande hizo mbili. Mtoto asiyepewa nafasi ya kujibu amebaki na upande mmoja. Kwa hiyo usimwambie bibi aache utani. Mwombe autoe kwenye uwezo wa mtoto na kuupeleka kwingine, na amwache ajibu.

Jina lenyewe liondoeni hivi. Watu wazima wa nyumba kaeni bila watoto, mkubaliane, na dada yake aambiwe pembeni baadaye. Msimtangazie mtoto kwamba "kuanzia leo hatukuiti Goigoi", maana hapo mmelipa jina uzito na kumpa dada yake fimbo mpya. Mwiteni tu jina lake. Mtu akisahau, ajirekebishe mara moja bila mjadala. Mtoto mwenyewe akilitumia, usibishane naye. Akisema, "Mimi goigoi, siwezi," jibu kwa kilichopo machoni: "Umeandika mistari mitatu. Wa nne unaanza na herufi gani?" Wazazi wengi hukosea hapa kwa kujibu, "Hapana, wewe una akili sana!" Anajua si kweli kwa ushahidi alionao, hivyo anachojifunza ni kwamba maneno yako hayategemewi.

Sifa zilizopita kiasi zina madhara ya kupimwa. Mwaka 2014 Eddie Brummelman na wenzake, Uholanzi, waliwaachia watoto wachore, kisha baadhi wakaambiwa mchoro wao ni mzuri na wengine kwamba ni mzuri ajabu kupita kiasi. Walipopewa nafasi ya kuchagua michoro ya kuendelea nayo, watoto waliokuwa wanajidharau na kupewa sifa za kupindukia walichagua iliyo rahisi. Maelezo ya watafiti ni kwamba huenda waliona wamewekewa kiwango wasichoweza kukifikia tena. Sema unachokiona, kwa kipimo: "Jana ulifuta mara tano, leo mara mbili." Inatosha.

Usiku, kabla ya kulala, tenga dakika 10 mkumbuke tukio moja tu la siku. Wanasaikolojia kama Robyn Fivush wameonyesha kwamba watoto hujenga simulizi ya maisha yao kwa kusimulia pamoja na wakubwa, na kwamba wazazi wanaouliza maswali ya wazi na kuongeza maelezo huwa na watoto wenye kumbukumbu pana zaidi za maisha yao. Uliza: alikuwepo nani, ilianzaje, ukajisikiaje, ukafanya nini. Usiulize ya kujibiwa ndiyo au hapana. Mara mbili au tatu kwa wiki chagueni tukio ambalo jambo liliharibika kisha likatengenezwa, na hakikisha hamwishii kwenye kuharibika: alimwaga uji, akachukua tambara, akafuta. Mtoto anayelala na sehemu ya kwanza tu ya hadithi anajijua kama mwaga uji. Baba yake ashiriki angalau usiku mmoja kwa wiki, kwa sababu makisio ya mtoto juu ya baba hayafutwi na maneno ya mama.

Tegemea mambo kuwa mabaya kidogo mwanzoni. Ukianza kumtuma atachelewa, na pengine atapoteza chenji. Anza na safari fupi, kitu kimoja, pesa kamili isiyo na chenji, na umtume wakati huna haraka na hicho kitu. Akichelewa, usimfuatilize dada yake. Ukimtuma dada amlete, mmerudi mlikoanza. Akirudi na kitu sicho, arudi mwenyewe kubadilisha. Kitu kingine kinachoharibu ni kufanya haya kwa wiki moja kisha kuacha: mtoto amekusanya ushahidi wa miaka, hatauacha kwa siku saba. Pima kwa muhula mzima, na angalia kama anaanza kazi bila kusukumwa, hata kama bado anamaliza wa mwisho.

Wakati huohuo usimalizie kila kitu kwenye nafsi. Mtoto anayeandika taratibu anaweza kuwa haoni ubao. Mpeleke apimwe macho na masikio. Nenda shuleni umuulize mwalimu wake mambo matatu: anakaa wapi darasani, anashindwa kuandika tu au na kusoma pia, na wenzake wanamwitaje. Kama jina limefika darasani, mwombe mwalimu amwite jina lake kwa sauti na ampe jukumu la kila siku lisilo la mbio, kama kugawa madaftari. Kama herufi zinamchanganya, anazigeuza, anasoma kwa kubahatisha ilhali kwa mdomo anajieleza vizuri, huenda ana shida ya kujifunza inayohitaji mwalimu wa elimu maalumu, na hakuna mazungumzo ya usiku yatakayoiondoa. Na ukiona ameacha kucheza, halali, anajikojolea baada ya kuwa ameshaacha, au anasema heri asingekuwepo, usingoje muhula uishe. Mwone daktari wa watoto au ustawi wa jamii wa wilaya yako wiki hiyo hiyo. Kama nyuma yake kuna kupigwa au kunyanyaswa, piga 116, namba ya msaada kwa watoto. Ni bure, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga.